Saratani ya tumbo inayopona kwa antibaiotiki isiachwe njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugonjwa ambao katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini hautajwi sana, ingawa bakteria wanaouanzisha wamo matumboni mwa watu wengi, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songwe. Ni limfoma ya tumbo, saratani inayotokana na seli za kinga zilizo kwenye utando wa ndani wa tumbo la chakula, ambayo madaktari huiita limfoma ya MALT. Nilifanya kazi ya utabibu serikalini hadi nikastaafu, na baada ya kustaafu ugonjwa huo ukampata shemeji yangu, kwa hiyo nimeujua nikiwa mtoa huduma na nikiwa ndugu anayesubiri kwenye benchi. Hoja yangu ni kwamba dawa za ugonjwa huu ni za wiki mbili lakini tiba yake ni ya miaka, na sisi tumezoea kuishia kwenye hizo wiki mbili.

Bakteria wenyewe, Helikobakta pailori, walitambuliwa mwaka 1982 mjini Perth, Australia, na Robin Warren na Barry Marshall, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo tulifundishwa kwamba tumbo lenye asidi kali haliwezi kukaliwa na kimelea, na kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili; wapo ambao hadi leo wanaendelea kuilaumu pilipili bure. Mwaka 1991 watafiti wa London, miongoni mwao Andrew Wotherspoon na Peter Isaacson, walichunguza sampuli za matumbo ya wagonjwa 110 wa limfoma hii na kuwakuta bakteria hao kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi. Miaka miwili baadaye watafiti haohao walitoa taarifa iliyowashangaza madaktari wengi: wagonjwa sita walipewa dawa za kuua bakteria, na kwa watano kati yao limfoma ikatoweka. Saratani ilikuwa imerudi nyuma kwa antibaiotiki za kawaida, zile zile tunazoandikiwa kwa kifua.

Inafaa nieleze ugonjwa unavyozaliwa, kwa kuwa hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mara nyingi unapona na kwa nini mara nyingine unagoma. Tumbo lenye afya kwa kawaida halina mkusanyiko mkubwa wa seli za kinga za aina hii. Mkusanyiko huo hujengeka pale bakteria wanapokaa humo kwa miaka mingi, aghalabu tangu utotoni, na mwili ukawa unaendelea kupeleka seli za kinga bila kufanikiwa kuwafukuza. Katika msongamano huo seli za aina ya B huchochewa kuzaliana mfululizo, hadi kundi moja linapoanza kuzaliana kupita kiasi. Kwa muda mrefu kundi hilo hubaki likitegemea uchochezi wa bakteria, kama moto wa jikoni unavyotegemea kuni: ukizichomoa unazimika, isipokuwa kama cheche zimeshadaka nyasi za paa. Kudaka paa huko hutokea seli zinapopata hitilafu katika kromosomu, iliyo maarufu zaidi ikiwa ile ya kipande cha kromosomu ya 11 kubadilishana mahali na kipande cha kromosomu ya 18. Seli zenye hitilafu hiyo haziwahitaji tena bakteria, na mara nyingi haziitikii antibaiotiki.

Niseme mapema, ili msomaji asifunge gazeti na kukimbilia maabara kwa hofu, kwamba walio wengi wenye bakteria hawa hawatapata limfoma wala saratani nyingine ya tumbo maishani mwao. Ni wachache sana. Lakini mtu ambaye maumivu ya chembe ya moyo hayamwachi, anayeshiba kabla ya kula, anayepungua uzito bila sababu, anayeishiwa damu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, huyo hafai kuendelea kumeza dawa za kupunguza asidi mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kumtazama tumboni.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wa hao. Ni mkulima wa viazi mviringo, na kwa miaka omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, haikukosekana katika mfuko wa koti lake. Duka moja la dawa lilimuuzia bila kumuuliza swali, na maabara moja ya mtaani ilimpima damu mara kwa mara na kumwambia kila mara kwamba bakteria wapo, naye kila mara akanunua dawa, akameza mpaka maumivu yalipotulia, akaacha. Alipofikia kushiba kwa matonge machache ya ugali, na mkanda wake ukawa umeongezwa tundu jingine kwa msumari, dada yake, yaani mke wangu, alimlazimisha kwenda hospitali kupimwa kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia kinywani. Daktari aliyempima aliona utando uliovimba kwa wekundu na vidonda vidogo, kitu ambacho angeweza kukiandika kuwa ni mchubuko wa tumbo na kumruhusu aende zake, kwa maana limfoma hii huanza kwa sura ya unyenyekevu namna hiyo. Kwa bahati njema alichukua vinyama kutoka sehemu kadhaa za tumbo, hata zile zilizoonekana nzima, akavitia katika vichupa vya formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama, vilivyoandikwa kila kimoja kimetoka wapi. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo iliyotupatia jibu sahihi.

Jibu lilipotoka kiliitishwa kikao cha ukoo. Baba mdogo wa mke wangu, mzee ninayemheshimu sana, alipendekeza shamba la bondeni liuzwe haraka ili tumbo likatwe kabla ugonjwa haujasambaa. Nilipoeleza kwamba daktari ameanza na vidonge, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mkwe, kansa kwa vidonge vya amoksisilini? Hao wamemkatia tamaa mtoto wetu." Simlaumu. Kwa miongo mingi upasuaji ndio uliokuwa tiba ya ugonjwa huu, hata hospitali kubwa za Ulaya zilikata tumbo zima au sehemu yake, na sifa ya kisu bado ni kubwa mioyoni mwetu kuliko sifa ya kidonge. Ila ugonjwa huu hupenda kuwa katika madoa mengi yaliyotawanyika tumboni, hivyo kukata kipande kunaweza kuacha mengine, na kukata tumbo lote humwacha mtu akipungua uzito, akishindwa kula vizuri na akihitaji vitamini B12 maisha yake yote. Leo kisu kimebakiwa na kazi ya dharura: tumbo lililotoboka, damu isiyozuilika kwa njia nyingine, au njia ya chakula iliyoziba.

Kabla ya tiba yoyote lazima ijulikane ugonjwa umefika wapi. Mgonjwa hupigwa picha ya CT ya kifua na tumbo. Inapopatikana, kamera yenye kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha umezama kwa kina gani katika ukuta wa tumbo. Na mara nyingine uboho wa mifupa huchunguzwa. Damu hupimwa pia virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C. Ugonjwa uliobaki kwenye tumbo peke yake, hasa kwenye utando wa juu, huitikia antibaiotiki vizuri zaidi kuliko uliozama kwenye misuli au kufikia mitoki.

Sasa dawa zenyewe. Mchanganyiko uliozoeleka ni omeprazoli au ndugu zake, amoksisilini na klarithromaisini, kwa siku 14. Wengi wetu tunazijua zile bahasha ndogo zilizoandikwa kwa kalamu 1×2 na 2×2. Tatizo ni kwamba klarithromaisini imetumika mno kwa vikohozi na mafua ambayo hayakuihitaji, na bakteria wameizoea. Tafiti zilizofanywa hapa hapa nchini, Mwanza, zimewakuta bakteria wa tumboni walio sugu kwa dawa hiyo. Ndiyo maana miongozo ya sasa ya kimataifa inapendelea, mahali penye usugu mkubwa, mchanganyiko wa dawa nne: ya kupunguza asidi, bismathi, metronidazoli na tetrasaiklini, nao kwa siku 14. Si dawa laini. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni na haipatani na pombe, jambo ambalo katika msimu wa ulanzi kule Iringa linahitaji kusemwa waziwazi na mapema. Bismathi hugeuza ulimi na choo kuwa vyeusi, na nimewaona wagonjwa walioacha dawa siku ya nne wakiamini wanavuja damu tumboni, kwa sababu tu hakuna aliyewaonya. Aliyeonywa huvumilia. Asiyeonywa huacha, na bakteria waliobaki ni wale waliokwisha kuonja dawa.

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, na naomba wenzangu wa taaluma wanisamehe nikilisema gazetini. Mgonjwa akimaliza dawa na maumivu yakatulia, tunamhesabu amepona. Kwa mtu mwenye vidonda vya kawaida hilo ni uzembe. Kwa mtu mwenye limfoma ni hatari, maana maumivu yanaweza kutulia kwa omeprazoli peke yake huku bakteria na uvimbe vikiwa palepale. Ni lazima ithibitishwe kwamba bakteria wameondoka, na uthibitisho huo hauwezi kutoka kwenye kipimo cha damu kinachofanywa mitaani, kwa kuwa kipimo hicho husaka kumbukumbu ya kinga dhidi ya bakteria, na kumbukumbu hiyo hubaki kwa miezi na hata miaka baada ya bakteria kufa. Shemeji yangu aliambiwa "bado wapo" mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema leo ni lini kweli walikuwapo. Kipimo kinachofaa ni cha pumzi au cha choo, au vinyama vipya, na kifanyike si chini ya wiki nne baada ya kumaliza antibaiotiki, huku mgonjwa akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki mbili. Vinginevyo jibu zuri linaweza kuwa la uongo. Kipimo cha choo si cha gharama ya kutisha wala hakihitaji mtambo mkubwa, na sioni sababu ya hospitali ya wilaya kukikosa.

Bakteria wakiwa bado wapo, mgonjwa hupewa mchanganyiko mwingine usiorudia klarithromaisini. Hata kwa wale wachache ambao bakteria hawakuonekana tangu mwanzo, madaktari wengi huanza na antibaiotiki hizohizo, kwa kuwa vipimo hukosea na baadhi ya wagonjwa hao huitikia.

Kisha huja kungoja, na kungoja ndiko kunakowashinda watu. Bakteria hufa katika wiki mbili, lakini limfoma huondoka polepole. Kwa wengine ni miezi michache, kwa wengine mwaka mzima, na wapo ambao seli za mwisho hutoweka karibu na mwaka wa pili. Kamera hurudiwa miezi mitatu hadi sita baada ya dawa, kisha kila baada ya miezi kadhaa mpaka vinyama viwe safi. Shemeji aliporudia kamera mara ya kwanza, vidonda vilikuwa vimefunga na tumbo likang'aa, ila darubini bado ilionyesha seli chache za ugonjwa. Nyumbani kilio kikaanza upya na shamba la bondeni likatajwa tena. Ukweli ni kwamba wagonjwa wa namna hiyo, ambao bakteria wameisha, tumbo linaonekana limepona na zimebaki seli za kuonekana kwa darubini tu, wamefuatiliwa kwa miaka nchini Ujerumani na kwingineko, na walio wengi sana hali zao hazikuharibika kwa kuangaliwa bila kuongezewa tiba. Daktari anayesema "tungoje" katika hatua hiyo, mradi ametaja tarehe ya kamera inayofuata, ni daktari anayejua kazi yake. Vinyama vya shemeji vilikuja kuwa safi baada ya zaidi ya mwaka, na baba mdogo siku hizi ndiye anayemkumbusha tarehe.

Matokeo kwa ujumla ni mazuri kuliko yale ambayo neno saratani linatufanya tuyatarajie. Mapitio ya tafiti 32 yaliyochapishwa mwaka 2010, yenye wagonjwa zaidi ya 1,400 waliokuwa katika hatua za awali, yalionyesha kwamba takribani 77 katika kila 100 limfoma yao ilitoweka baada ya bakteria kuuawa. Waliorudiwa na ugonjwa baadaye walikuwa takribani 7 katika kila 100. Katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Takwimu hizo ni za watu waliopimwa mapema na kufuatiliwa bila kukatishwa, na hatuwezi kujipa matumaini yao ikiwa hatufanyi waliyofanyiwa.

Wanaobaki, ambao antibaiotiki hazikutosha, bado wana njia. Ugonjwa ukiwa haujatoka tumboni, mionzi ya kiasi kidogo, kwa kawaida jumla ya gray (kipimo cha mionzi) 24 hadi 30 inayogawanywa katika wiki tatu au nne, huuondoa kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi, na tumbo hubaki mahali pake. Kwa mgonjwa wa Mbeya hiyo kwa kawaida maana yake ni safari ya zaidi ya kilometa 800 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kutafuta pa kulala kwa karibu mwezi mzima, gharama ambayo mara nyingi huzidi ile ya matibabu yenyewe. Ugonjwa ukiwa umeenea, hutumika rituksimabu, dawa ya dripu inayozilenga seli za B, peke yake au pamoja na klorambusili au dawa nyingine za saratani. Asiyepimwa homa ya ini B asitundikiwe rituksimabu, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuamsha virusi vilivyolala na kuliharibu ini kwa kasi. Na katika nchi kama yetu, ambamo homa ya ini B si ngeni, kipimo hicho si cha kuruka.

Kuna pia limfoma ya tumbo yenye seli kubwa, ambayo hukua haraka na mara nyingine huzuka ndani ya hii ya polepole. Hiyo haingojewi. Hutibiwa kwa mchanganyiko wa rituksimabu, dawa tatu za saratani na prednisoloni, na wengi hupona, mradi waanze mapema. Kuitofautisha na ile ya kwanza ni kazi ya mtaalamu wa patholojia, anayechunguza vinyama kwa darubini, na vipimo vya alama za seli, na ndiyo sababu nyingine ya kutoridhika na kinyama kimoja.

Ninachopendekeza si kigeni. Nchi hii inajua kumfuatilia mgonjwa. Anayetibiwa kifua kikuu anapewa kadi, tarehe zake zinaandikwa kwenye rejesta, na asipotokea hutafutwa hadi kijijini na mhudumu wa afya wa jamii. Kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI nazo zinafanya hivyo kwa zaidi ya watu milioni moja. Wagonjwa wa limfoma ya tumbo katika kanda hii ni wachache mno kulinganisha na hao, kiasi kwamba daftari moja katika hospitali ya rufaa lingewatosha: tarehe ya dawa, tarehe ya kipimo cha choo, tarehe ya kamera, jina la ndugu wa kupigiwa simu. Hata aliyepona asitolewe kwenye daftari hilo, kwa sababu tumbo lililokaliwa na bakteria kwa miaka lina hatari kubwa kuliko kawaida ya kupata saratani ile nyingine ya tumbo, na kamera ya kila mwaka huziangalia zote mbili. Shemeji yangu aliruka ya mwaka mmoja kwa sababu bei ya viazi ilikuwa imepanda na alikuwa anapakia lori. Hakuna aliyempigia simu.

Bima nazo zione kwamba kamera ya ufuatiliaji kwa mgonjwa huyu ni sehemu ya tiba, zisiihesabu kuwa uchunguzi wa kurudiwarudiwa. Na mgonjwa anayehamishiwa Dar es Salaam apewe, pamoja na barua ya rufaa, majibu yote ya kamera na vile vipande vya nta vilivyohifadhi vinyama vyake vya kwanza, kwa sababu bila hivyo wataalamu wa huko watalazimika kutafuta upya ugonjwa ambao huenda antibaiotiki zimeshaufifisha, na wakikosa kuuona hawatajua kama umepona au haukuwahi kuwapo.

Wako,
Tabibu mstaafu,
Uyole, Mbeya